Upungufu wa Nini? Uhakiki wa Dai kwamba Waganga wa Kale wa China Walijua Vitamini

Mwaka jana shangazi yangu anayekaa Buyenzi, hapa Bujumbura, alikuwa hapati usingizi. Kichwa kilimzunguka, moyo ulimdunda akipanda ngazi, na nywele zilikuwa kavu. Alikwenda katika duka moja la dawa za Kichina. Muuzaji alimshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akanyamaza kidogo, akamwambia atoe ulimi, akautazama. Kisha akampa pakiti ya vidonge na kikaratasi cha Kiswahili. Kikaratasi kilisema ana "upungufu wa damu".

Wiki mbili baadaye alipimwa hospitalini. Karatasi ya maabara iliyoandikwa kwa Kifaransa ilionyesha hemoglobini gramu 12.9 kwa desilita, na daktari akamweleza kuwa kwa mwanamke asiye mjamzito upungufu huanza kuhesabiwa chini ya 12. Damu yake ilikuwa inatosha. Shangazi alikuja nyumbani na karatasi zote mbili, akaziweka mezani mbele yangu. "Mmoja wao ananidanganya, mwanangu. Wewe ndiye unayesoma lugha. Nisomee."

Sikuweza kumjibu siku ile. Nilimkumbuka tena katika semina yetu ya tafsiri, pale mwenzetu mmoja aliposoma insha nzuri akidai kwamba waganga wa China walizijua vitamini zaidi ya miaka 1,200 kabla ya Ulaya kuzipa jina. Darasa lilipiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa kuwa sisi sote tumechoka kusikia kwamba kila kitu kilianzia Ulaya. Lakini nilipokwenda kusoma zaidi niliona kwamba dai lile na kikaratasi cha shangazi vina kasoro moja. Katika yote mawili, neno la lugha moja limevishwa maana ya elimu nyingine, na aliyelivisha hakusema.

Ushahidi mkuu unaotajwa na wanaolishikilia dai hili ni ugonjwa uitwao kwa Kichina jiaoqi. Jiao ni mguu, qi ni ile pumzi au nguvu inayopita mwilini katika nadharia ya tiba ya Kichina. Kwa hiyo tunaweza kusema "qi ya miguuni". Kamusi nyingi za tiba hulitafsiri neno hili moja kwa moja kuwa beriberi, yaani ugonjwa wa kukosa vitamini B1. Hoja hujengwa hivi: Sun Simiao, mganga maarufu wa enzi ya Tang aliyefariki mwaka 682, alieleza jiaoqi katika kitabu chake kikubwa cha miaka ya 650 na akaandika namna ya kuizuia kwa uji. Uji huo, wanasema, ulikuwa wa pumba za nafaka. Pumba zina vitamini B1. Basi Sun Simiao alijua.

Tuanze na pumba, kwa sababu hapa ndipo mwanafunzi wa lugha ana la kusema hata kama hajui lolote la tiba. Kiungo kinachotajwa kinaitwa gu bai pi, "ganda jeupe la gu". Katika Kichina kuna gu mbili zinazotamkwa sawasawa na kuandikwa karibu sawa. Tofauti yao ni kijisehemu cha chini upande wa kushoto: katika moja kuna alama ya mti, katika nyingine kuna alama ya nafaka. Gu yenye alama ya mti ni mforosadi wa karatasi, mti ambao gome lake hutengenezewa karatasi, na katika vitabu vya dawa za Kichina gu bai pi ni jina la kawaida la gome lake la ndani. Kwa hiyo wako wanaosoma "pumba" na wako wanaosoma "gome", na dai la miaka 1,200 linaning'inia kwenye kijisehemu cha herufi ambacho mwandishi wa kunakili akisinzia hubadilika. Mimi naona usomaji wa gome una nguvu zaidi, kwa kuwa ndiyo istilahi ya wenyewe. Hata hivyo tuseme ilikuwa pumba. Bado hatujafika kwenye vitamini.

Sun Simiao mwenyewe anasema ugonjwa unatoka wapi. Anaeleza kwamba upepo wenye sumu na unyevu huinuka kutoka ardhini, nao huanza kumwingia mtu kwa miguu kwa sababu miguu ndiyo inayokanyaga chini. Anasema pia kwamba waungwana wengi walianza kuupata baada ya kuhamia kusini, kwenye joto na majimaji, wakati utawala wa kaskazini ulipoanguka mwanzoni mwa karne ya 4. Miguu hulegea, wakati mwingine huvimba na wakati mwingine haivimbi, na qi ikipanda hadi moyoni mgonjwa hufa. Msomaji wa leo anayaona maelezo hayo na kuruka: miguu kulegea, kuvimba, moyo kushindwa, kusini kwenye wali, basi ni beriberi! Inawezekana kabisa kwamba baadhi ya wagonjwa wale walikuwa na beriberi. Ninachokataa ni kuruka kutoka "baadhi ya wagonjwa" hadi "mganga alijua". Katika maelezo ya Sun Simiao kuna kitu kimeingia mwilini. Hakuna mahali anaposema kuna kitu kimekosekana katika chakula. Nadharia ya vitamini ni kinyume chake hasa.

Tena jina hilohilo halikutulia mahali pamoja. Li Gao, aliyeishi kaskazini katika karne ya 12 na ya 13, aliandika kwamba qi ya miguuni ya watu wa kaskazini hutoka ndani, kwa maziwa na pombe nyingi. Mtu anayekunywa maziwa kwa wingi na kula vinono si mtu wa kwanza tunayemdhania beriberi. Maelezo yake yanakaribia zaidi ugonjwa wa viungo wa watu walioshiba. Na leo ukimuuliza kijana wa Beijing maana ya jiaoqi, atakuambia ni fangasi za vidole vya miguu. Mwanahistoria Hilary A. Smith ameufuatilia ugonjwa huu karne hadi karne katika kitabu chake Forgotten Disease cha mwaka 2017, na hoja yake ni kwamba jiaoqi ilifanywa beriberi karibuni tu. Wajapani wanalisoma neno hilohilo kakke. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 madaktari wa Japani waliosomea tiba ya Ulaya walilinganisha kakke na beriberi, na ulinganisho huo ukarudi China ukiwa umekwisha kuwa kamusi. Tangu hapo kila anayesoma kitabu cha Tang anakuta beriberi humo, kwa sababu kamusi imekwisha kuiweka.

Huenda msomaji akasema ninawawekea Wachina kipimo kigumu. Tuwatazame basi wale wanaosifiwa kwa kuvumbua. Takaki Kanehiro, daktari wa jeshi la majini la Japani aliyesomea London, aliona meli Ryujo ikirudi mwaka 1883 na wagonjwa wa kakke 169 kati ya mabaharia 376, na 25 wamekufa. Mwaka uliofuata aliituma meli nyingine, Tsukuba, katika safari ya namna hiyohiyo lakini kwa chakula tofauti, nyama na nafaka zaidi badala ya wali mtupu. Waliougua walikuwa wachache na hakufa mtu. Ushindi mkubwa! Lakini Takaki aliamini kwamba kilichopungua ni protini. Baada yake Christiaan Eijkman, kule Batavia katika kisiwa cha Java, aligundua kwamba kuku waliolishwa wali wa mchele uliokobolewa hulegea miguu na shingo, na wakirudishiwa pumba hupona. Naye mwanzoni hakufikiri kuna kitu kimekosekana. Alidhani wanga una sumu na pumba zina kiuasumu. Mwenzake Gerrit Grijns ndiye aliyesema mwaka 1901 kwamba ugonjwa unatokana na kukosa kitu fulani kilichomo katika ganda la mchele, na jina "vitamini" likatungwa na Casimir Funk mwaka 1912. Eijkman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Ninawataja hawa kwa sababu moja. Kutibu na kujua ni vitu viwili hata Ulaya. Takaki alitibu bila kujua. Eijkman alishika pumba mkononi na bado alifikiria sumu. Kama hatusemi kwamba Takaki alijua vitamini B1, na hakuna anayesema hivyo, kwa nini tuseme Sun Simiao aliijua?

Wapo wasomi wakubwa waliosema jambo linalofanana na la mwenzetu, na siwezi kuwapita. Lu Gwei-Djen alizaliwa Nanjing, baba yake alikuwa muuza dawa, naye akasomea baiokemia. Mwaka 1937 alifika Cambridge, na utafiti wake ulihusu vitamini B1 hasa. Ni yeye aliyemtia Joseph Needham hamu ya China, na bila yeye ile kazi kubwa ya Needham kuhusu sayansi ya China isingekuwapo. Wawili hao walichapisha mwaka 1951, katika jarida la Isis, makala kuhusu historia ya lishe ya Wachina. Humo wanamtazama sana Hu Sihui, msimamizi wa chakula katika ikulu ya Wamongolia, aliyetoa kitabu chake cha vyakula mwaka 1330, na wanasema kwamba magonjwa ya upungufu yalikuwa yametambuliwa China kwa uzoefu na kutibiwa kwa chakula.

Nikiisoma hoja hiyo leo nawaona watu wawili waliojua wanachokifanya. Walisema "kwa uzoefu". Hawakusema Hu Sihui alikuwa na nadharia ya vitamini. Lakini tatizo limo ndani ya maneno "magonjwa ya upungufu", kwa kuwa kuyaita hivyo ni kutoa jibu kabla ya swali. Hu Sihui hakuwa na kundi lenye jina hilo. Lu, aliyetumia siku zake katika maabara akichunguza kinachotokea mwilini B1 inapokosekana, aliingia katika kitabu cha mwaka 1330 akiwa na kundi hilo tayari, akachagua vipande vinavyolingana. Namwelewa. Mwanamke wa Kichina katika Ulaya ya miaka ile alikuwa na sababu ya kuonyesha kwamba kwao kulikuwa na elimu. Walionakili baada yake ndio walioliacha lile neno dogo "uzoefu" njiani, na sentensi ikafika darasani kwetu ikiwa imenenepa.

Kuna mahali ambapo tiba ya Kichina inastahili sifa kubwa zaidi kuliko hapo kwenye uji, nako ni machoni. Chao Yuanfang, katika kitabu cha mwaka 610 kinachoeleza asili na dalili za magonjwa, anamweleza mtu anayeona vizuri mchana lakini jua likitua haoni kitu, na anasema watu huyaita macho hayo "macho ya shorewanda", kwa kuwa ndege huyo naye giza likiingia haoni. Hayo ni maelezo safi ya upofu wa usiku, dalili ya awali ya kukosa vitamini A. Na dawa iliyotumika kwa macho, katika vitabu vya Sun Simiao na vya wengine, ni ini la mnyama. Ini ndiyo ghala la vitamini A mwilini. Jicho huihitaji vitamini hiyo kutengeneza kemikali inayopokea mwanga hafifu. Aliyekula ini aliona usiku. Hapa hakuna herufi ya kubishania.

Lakini kwa nini ini? Nadharia inajibu: ini hufunguka machoni. Kila kiungo kikubwa kina mlango wake usoni, na mlango wa ini ni macho; macho yakidhoofika, liimarishe ini, na njia mojawapo ni kula ini. Kwa mgonjwa aliyekosa vitamini A nadharia hiyo iligonga penyewe. Kwa mzee mwenye mtoto wa jicho ingemlisha ini vilevile, na asingeona. Haikuwa na njia ya kutofautisha wagonjwa hao wawili kwa kutumia kitu kilichokosekana. Zaidi ya hapo, Wagiriki wa shule ya Hippocrates nao walitoa ini kwa upofu wa usiku, wao wakiliweka asali. Ikiwa ini ni ushahidi wa kujua vitamini, basi Wagiriki nao walijua, na ushindani wote wa nani alitangulia unakosa maana.

Wanaosifu huchagua pia. Wanataja ini, hawataji dawa ya mifupa. Tiba ya Kichina ina jina la watoto wanaochelewa katika mambo matano: kusimama, kutembea, kuota nywele, kuota meno na kusema. Vitabu vya siku hizi hulinganisha hali hiyo, pamoja na nyingine ya "ulaini" wa aina tano, mara na kukosa vitamini D, mara na ulemavu wa ubongo, magonjwa ambayo hayana uhusiano. Dawa iliyopendekezwa kwa watoto hawa ni kidonge cha Qian Yi, mganga wa watoto wa enzi ya Song, chenye viungo sita, na mantiki yake ni kuimarisha figo, kwa kuwa figo ndizo zinazotawala mifupa. Kwa hesabu ileile ya viungo na milango, ini liligonga lengo na hiki hakikugonga kwa namna ileile. Sijaona insha inayosema "Wachina walijua vitamini D" kwa kutumia kidonge hicho.

Sasa narudi mezani kwa shangazi, kwa sababu nadhani sasa ninaweza kumsomea kikaratasi chake.

Alichokiona muuzaji katika mshipa na ulimi kinaitwa xuexu. Xue ni damu. Xu ni neno la zamani sana lenye maana ya kitu kilicho wazi ndani, kisichojaa, kisicho na nguvu ya kujaza mahali pake. Damu ya nadharia hii hutengenezwa na bandama kutoka katika chakula, huwekwa na ini, hutawaliwa na moyo, na kazi yake mojawapo ni kuipa roho mahali pa kutulia usiku. Ndiyo maana asiyelala, mwenye kizunguzungu, moyo kudunda na nywele kavu anahesabiwa kuwa na xuexu. Kwa mtu aliyefundishwa hivyo, shangazi alikuwa mfano wa kitabuni. Hakuna mahali ambapo muuzaji alidai kwamba chembe nyekundu zimepungua. Hakuzihesabu, na elimu yake haizihesabu. Hospitali nayo ilipima kitu kingine kabisa, gramu katika desilita. Ugomvi ulianza pale mtafsiri wa kikaratasi alipotafuta kisawe cha xuexu na kuchukua "upungufu wa damu", msemo ambao katika Kiswahili cha zahanati una mwenyewe tayari.

Kosa hilo lina madhara, na si kwa mtu kama shangazi tu ambaye damu yake ilikuwa nzima. Tumgeuze mgonjwa. Awe mjamzito, hemoglobini yake iko chini kweli kwa kukosa madini ya chuma au asidi foliki, ambayo ni mojawapo ya vitamini B. Zahanati imemwambia ana upungufu wa damu. Anaona duka lenye maneno yaleyale ukutani, anatoa fedha yake, anakunywa vidonge vya kuondoa xuexu na kuviacha vile vya chuma kwa kuwa vinamtia kichefuchefu. Kwa akili yake amefuata ushauri wa pande zote mbili, kwani zote zimesema jina moja. Daktari wa tiba ya Kichina aliyesomea kwao, ambaye siku hizi naye huagiza kipimo cha maabara, asingemruhusu. Kikaratasi kinamruhusu.

"Upungufu" katika Kiswahili ni neno la hesabu. Kitu hupungua kutoka kiasi kinachojulikana. Mfuko wa unga umepungua kilo mbili. Kwa vitamini linafaa sana, kwa kuwa vitamini hupimwa na kukosekana kwake hujazwa na kitu kilekile kilichokosekana. Kwa xu halifai. Katika semina niliuliza tutumie nini, na mmoja wetu akasema "utupu", tafsiri ya neno kwa neno. Tulicheka mpaka mhadhiri akaingilia: mwambie shangazi ana utupu wa damu, na nusu ya Buyenzi itauliza nguo zake ziko wapi. Mimi napendekeza "unyonge": unyonge wa damu, unyonge wa qi, unyonge wa bandama. Mnyonge hana nguvu, lakini hakuna anayefikiri kwamba unyonge hupimwa kwa mashine. Neno hili linabaki na maana ya xu na linaiachia zahanati "upungufu" wake. Najua wapo watakaosema unyonge una harufu ya dhuluma na umaskini. Una, na sina jibu kamili kwao, ila kwamba harufu hiyo haimfanyi mjamzito aache vidonge vya chuma.

Mwenzetu wa semina ameniambia kwamba nikiondoa dai lake nitakuwa nimewarudishia Wazungu kila kitu. Sioni hivyo. Anayesema Sun Simiao ni mkubwa kwa sababu alimtangulia Funk amekwisha kumfanya Funk kuwa rula. Chao Yuanfang aliyemtazama mtu gizani na kuandika anachoona na asichoona hahitaji kuwa mtangulizi wa yeyote.

Shangazi alinisikiliza, akauliza swali moja tu: vile vidonge vilivyobaki avimalize au asivimalize? Nilimwambia achukue pakiti amwonyeshe daktari. Alikwenda. Daktari aliigeuza upande huu na huu. Viungo vilikuwa vimeandikwa kwa Kichina peke yake, na kwa Kiswahili kulikuwa na maneno matatu: "huongeza damu mwilini".